Jina Lisilopita Kwenye Simu

Harufu ya jiki hunirudisha Guildford, mtaa wetu wa Sydney, hata nikiwa nimeshughulika na mambo yangu. Mtu akipiga deki kwenye ngazi za chuo, mimi naiona ndoo ya bluu kando ya mlango wa nyuma wa nyumba yetu, na shati la kazi la Baba limeloa ndani yake, kola ikielea juu. Msimu ule wa baridi tuliofungiwa, Baba hakuingia nyumbani kwa mlango wa mbele hata siku moja. Alizunguka nyuma, akavua nguo kwenye chumba cha kufulia, akaloweka shati, akaoga, ndipo akaja jikoni kutusalimu akiwa amesimama mbali na mikono nyuma, utadhani mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Watu wakiniuliza kama niliogopa korona, nawaambia hofu silo neno lenyewe. Nilikuwa na ganzi, ile ya mkono uliolaliwa usiku kucha. Unauona mkono, unajua ni wako, lakini ukiubana hausemi kitu. Helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu ya mapaa yetu mchana, maana mitaa yetu ya magharibi ya Sydney ilibanwa kuliko ya wenzetu wa pwani, na mimi nilikuwa nakula mkate wangu bila hata kuinua macho.

Baba alikuwa mhudumu katika nyumba ya kulea wazee, Lidcombe. Mama alikuwa muuguzi hospitalini. Kwa hiyo wao walitoka kila siku na barakoa zao, na mimi nilibaki na kompyuta, nikisoma shule mezani pale pale tulipokuwa tukilia chakula.

Sasa niwaambie jina letu, maana ndiyo hadithi yenyewe. Sisi ni akina Hayward. Ndiyo, jina la Kizungu, na sisi ni Wakenya weusi ti, watu wa Kisauni, Mombasa. Nyumbani tunalitamka Hewadi. Kila mwaka mwalimu mpya alipoita majina siku ya kwanza, alifika kwangu akatazama darasani akimtafuta msichana mwenye nywele za njano, na mimi nikanyoosha mkono. Wengine waliomba radhi, sijui kwa kosa gani. Nilishazoea.

Msimu ule mwalimu wetu wa historia alitupa kazi ya kufanyia nyumbani: kila mtu atafute asili ya jina la ukoo wake, lilianzia wapi na lilimfikiaje yeye. Wenzangu wa Kivietinamu na Kilebanoni walianza kuwapigia bibi zao. Mimi nikaingia kwenye intaneti, nikapata jibu kabla chai haijapoa. Hayward, zamani sana huko Uingereza, lilikuwa jina la kazi. Alikuwa mlinzi wa ua wa mashamba ya kijiji. Kazi yake ilikuwa kuzunguka na pembe mkononi, kuangalia ng'ombe wasivunje ua wakaingia kwenye ngano za watu. Wakiingia, alipuliza pembe na kuwaswaga nje. Mtoto wake akaitwa mtoto wa mlinzi wa ua, mjukuu hivyo hivyo, mpaka kazi yenyewe ikafa na jina likabaki likitembea bila ng'ombe.

Jioni Baba alipompigia Babu simu, nikamsomea Babu niliyoyapata. Huku ilikuwa jioni, kule Kisauni ndiyo kwanza anamaliza chakula cha mchana, na Shangazi Priska, dada yake Baba, alikuwa amemshikia simu kwa sababu Babu mwenyewe akiishika tulikuwa tunaona sikio tu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Askari wa ng'ombe!" akasema. "Miaka yote hii najivuna kanisani, kumbe sisi ni maaskari wa ng'ombe! Na hao ng'ombe, mke wangu, walikuwa wa nani?"

Babu aliniita mke wake tangu nikiwa mchanga, kama mababu wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na Mama alimwita mkwe wake mara mbili, wakacheka wote. Nilikuwa ninamwelewa kila neno lakini nilimjibu kwa Kiingereza, naye akanikemea, "Kwangu leta posa kwa Kiswahili."

Kisha akanieleza sehemu ambayo intaneti haikuwa nayo. Babu wa Babu alikuwa mtoto mdogo aliyeibwa bara, upande wa Ziwa Nyasa, akauzwa, akapakiwa jahazini. Manowari ya Waingereza iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa ikalikamata jahazi lile, na watoto wakashushwa Kisauni kwa wamisionari. Pale waliandikwa. Huko Uingereza kulikuwa na watu wa kanisa waliotoa pesa za kulea mtoto mmoja mmoja, na aliyetoa pesa aliruhusiwa kutoa jina. Bwana mmoja, au pengine ni bibi, ambaye hakuwahi kukanyaga Mombasa, akatuma jina lake kwa meli kama mtu anavyotuma blanketi. Mtoto akavishwa, na sisi wote tumelivaa.

"Na yeye aliitwa nani kabla?" nikauliza. Nilikuwa nimeshika kalamu.

Baba, aliyekuwa akimenya viazi, akaacha kumenya.

"Jina lake lipo," Babu akasema. "Lakini si la mwalimu wako."

Hapo ndipo nilipoelezwa desturi ya nyumba yetu, ambayo Baba aliijua tangu zamani. Yule mtoto hakumwambia mmisionari jina lake. Aliulizwa, akanyamaza, wakadhani ni bubu. Alipokuwa mtu mzima alimwambia mtoto wake wa kwanza, mdomo kwa sikio, na akamwekea sharti: lisiandikwe, lisitajwe mbele ya watu. Mtoto wa kwanza atalitaja mara moja tu, siku ya kumzika baba yake, kwa kunong'ona, akitupa udongo wa kwanza kaburini, ili marehemu aende akiitwa na watu wake wenyewe. Kisha atalitunza mpaka atakapompa wa kwake. Baba wa Babu alipewa, Babu akapewa. Baba alikuwa bado.

Alikuwa bado kwa sababu Babu alikuwa na masharti yake mengine. Baba alikuja Sydney akiwa kijana wa chuo, na Babu akamwambia mtu hapewi jina kama mzigo wa safari, aje siku atakayokuja na mtoto wake. Tulikuwa tumeshakata tiketi. Shangazi Priska alipaka rangi chumba tutakacholala, rangi ya waridi, kwa heshima yangu. Halafu mipaka ikafungwa, ndege zikalala, na mwaka mzima ukapita, na mwingine ukaanza.

"Baba," Baba akasema kwa sauti ya upole, viazi mkononi, "si unipe tu sasa. Nitamtoa mtoto nje."

"Halipiti kwenye waya hilo."

"Simu hii haina waya, Baba."

"Basi ndiyo mbaya zaidi! Linapita hewani tu, kila mtu anadaka." Babu akasogea mpaka paji la uso wake likajaa skrini. "Wazungu walituandika kwenye kitabu chao, na walichoandika kimekaa. Hili halijaandikwa na mtu wala halijasikiwa na mtu, ndiyo maana bado ni letu. Njoo. Nitakusubiri."

Baba akasema sawa, akarudia viazi vyake. Mimi niliandika kazi yangu na mwalimu akanisifu, hasa ile sehemu ya pembe.

Huko kazini, Baba alikuwa na jamaa yake. Ndiyo, Lidcombe. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu, dereva wa treni mstaafu, naye anaitwa Hayward. Tangu wiki ya kwanza Baba alimfanya mtani wake, maana watu wa jina moja wasipotaniana watafanya nini. Alimwambia, "Mzee, wewe na mimi ndugu," na mzee akamtazama kuanzia viatu mpaka kichwani akasema, "Basi mama yetu alikuwa na mambo." Siku nyingine kumbukumbu zilimpotea, lakini utani haukupotea. Baba alipomuuliza jina lao lilitoka wapi, mzee alisema lilitoka kwa baba yake, na la Baba je? Baba akasema nalo lilitoka kwa baba yake. Wakaona yameisha. Jioni zile za kufungiwa, habari za mzee huyo ndizo pekee zilizomfanya Mama acheke mpaka ashike meza.

Babu akaanza kukohoa bila kucheka. Shangazi Priska alisema ni mafua ya mvua, kisha akasema ni kifua, kisha akapiga simu kutoka nje ya lango la hospitali, yeye mwenyewe amezuiwa kuingia. Nakumbuka Mama, ambaye kazi yake ilikuwa mambo hayo hayo, aliuliza maswali mafupi kuhusu hewa na vipimo, na kila alipojibiwa alisema "haya" kwa sauti inayozidi kushuka. Baba hakuuliza la ugonjwa. Alikuwa anatembea kutoka jikoni mpaka mlango wa nyuma, anarudi. Mama akamwambia, "Mwambie akupe jina, Stefano. Muuguzi amshikie simu. Mungu ataelewa." Baba akasema, "Mungu ataelewa, ni Mzee ndiye sijui."

Jamani, natamani ningeweza kusema kwamba nililia. Nilimpenda Babu. Lakini nilikaa nikitazama ngano mbichi iliyokuwa ikitembea kwenye skrini ya kompyuta, ile picha inayojitokeza kompyuta ikiachwa, nikawaza kama kesho kuna somo la hesabu.

Simu ikaja siku ya Jumamosi, saa za jioni. Alikuwa muuguzi wa kule, sauti yake imezibwa na barakoa, akasema mzee amemwomba ampigie mwanawe. Kwa mara ya kwanza Babu ndiye aliyetaka. Baba alitutazama mimi na Mama, akachukua simu, akatoka mlango wa nyuma mpaka chumba cha kufulia, akajifungia. Tulimwona dirisha kwa dirisha, kutokea jikoni. Alikuwa amesimama kati ya mashine na ndoo ya shati, ameinamisha kichwa, simu imebanwa kwenye sikio moja na kidole kimeziba sikio jingine, kwa sababu helikopta ilikuwa inapita. Midomo yake ilisogea kidogo. Ikatulia. Ikasogea tena. Mwisho akaitikia kwa kichwa, kama vile Babu anamwona.

Aliporudi Mama alimuuliza, "Amekupa?"

"Tumezungumza," Baba akasema. Macho yake yalikuwa mekundu na uso umetulia. "Amefurahi."

Mama akasema Mungu mkubwa. Babu akafa usiku wao huo, na sisi tukaambiwa asubuhi yetu.

Walimzika haraka, watu wachache, kama amri ilivyokuwa. Tulikaa sebuleni mbele ya skrini, tumevaa nguo za kanisani kuanzia kichwani mpaka chini ingawa hakuna aliyeweza kutuona. Jua la kwetu lilikuwa linazama, la kwao lilikuwa linachoma. Tuliona kanzu ya mchungaji, mgongo wa mtu, kisha muda mrefu mchanga tu, kwa sababu Shangazi Priska alikuwa analia na mkono uliotushikia simu umeanguka. Binamu mmoja akasoma wasifu wa marehemu: mtoto wa fulani Hewadi, mjukuu wa fulani Hewadi. Hapo akaishia, kama wasifu wetu unavyoishia siku zote, maana nyuma ya hapo hakuna kilichoandikwa.

Ilipofika zamu ya mtoto wa kwanza kutupa udongo, watu wa kule wakasimama wakasubiri. Baba alikuwa amechimba udongo kidogo nyuma ya nyumba, kando ya uzio wetu wa mabati, akauweka kwenye bakuli la uji. Alipiga magoti mbele ya televisheni, akajaza kiganja, akakisogeza mdomoni. Nikaona midomo yake inasogea mara moja. Kisha akaumwaga udongo juu ya zulia la Mama, na Mama, ambaye angekutoa roho ukimwaga hata chai juu ya zulia lile, akasogeza tu miguu yake.

Nilikaa pale nikiwaza: limefika. Babu amekwenda akiitwa vizuri, jina liko kwa Baba, siku moja litakuja kwangu. Hakuna kilichopotea. Sikulia, kwa sababu niliona hakuna cha kulilia. Ndivyo nilivyolielewa jambo zima, na niliishi nalo hivyo kwa miaka.

Hatukuwa na matanga, nani angeingia? Wakongo wa kanisani kwetu waliacha sufuria za pondu, kisamvu chao, na samaki getini, wakarudi ndani ya gari lao, wakashusha vioo na kuimba pambio moja kutokea barabarani. Waliimba kwa barakoa usoni. Mama alisimama mlangoni amekunja mikono, akawapungia mpaka gari likakata kona. Asubuhi iliyofuata Baba akarudi kazini maana watu wa zamu walikuwa wameugua. Alimwambia mtani wake, yule dereva wa treni, kwamba amefiwa na baba. Mzee akafikiri sana, akasema, "Mimi pia." Baba alipotusimulia alicheka kidogo, na akaenda kuloweka shati lake.

Mipaka ilifunguliwa. Tulikwenda Kisauni, nikalala kwenye chumba cha rangi ya waridi, nikaliona kaburi na msalaba wake ulioandikwa kwa rangi nyeusi. Nilimuuliza Baba kama sasa nitaambiwa. Akasema bado. Nikamuuliza tena nilipomaliza shule. Akasema siku utakayohama nyumbani. Nikaona anafanya makusudi kama baba yake, masharti juu ya masharti, na nikamtania kwamba ukaidi nao ni urithi.

Mwaka jana nikapata chumba karibu na chuo. Nilipakia vitu vyangu kwenye gari, na Baba akaniita nyuma ya nyumba. Ndoo ya bluu ilikuwepo, sasa imepandwa mchicha. Akanisimamisha kando ya uzio, akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, akainama na kuweka mdomo kwenye sikio langu.

"Hewadi," akanong'ona.

Nikacheka. "Baba! Hilo nalijua. Nipe lile jingine."

"Sina jingine, mwanangu."

Akakaa juu ya ngazi ya mlango, akanieleza akiwa ametazama mchicha. Siku ile Babu alisema. Alilitaja kabisa, kwa taabu, baada ya kukataa muda wote ule. Lakini alikuwa na kile kifuniko cha hewa usoni na mashine inavuma, na huku helikopta nayo haiishi. Baba akasikia upepo. Akamwambia, "Baba, rudia." Babu akarudia, na Baba akasikia upepo. Pumzi za mzee zilikuwa zinakatika. "Nikaona nikimwambia tena halijafika, atakufa akihangaika," Baba akasema. "Nikamwambia nimesikia, Baba, ahsante. Akasema, alhamdulillahi, kama Mwislamu. Hilo nililisikia vizuri sana."

"Sasa pale kwenye udongo ulisema nini?"

"Nilisema nililokuwa nalo. Ndilo aliloitwa mama yangu alipoolewa. Ndilo Babu yako alilopigiwa kelele akicheza mpira. Nikaona hata kama lilitumwa kwa meli, waliolivaa mpaka likachakaa ni sisi."

Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, mbele ya mchicha, nikiwa mtu mzima mwenye gari lililopakiwa matandiko na masufuria. Nilimlilia Babu aliyekuwa amekufa zamani, na mtoto yule aliyekaa kimya mbele ya mmisionari akalinda neno moja maisha yake yote, na neno lenyewe, ambalo lilizimikia katikati ya bahari na hakuna atakayelijua. Nilimlilia Baba pia. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa raha mustarehe nikidhani hakuna kilichopotea, kumbe kuna mtu mmoja ndani ya nyumba aliyekuwa akijua, akaoga, akaja jikoni kutusalimu. Baba alinishika bega akaniacha nilie. Hakuniambia ninyamaze.

Nilipomaliza nikajifuta uso kwa mkono wa fulana, nikasogeza nywele, nikampa sikio.

"Rudia, Baba."

Akarudia. Pumzi yake ilikuwa ya joto, na hapakuwa na helikopta wala mashine, ila treni ya mbali iliyokuwa ikielekea Lidcombe.

"Nimesikia, Baba," nikamwambia, na safari hii ilikuwa kweli.